Pumzi Ndani ya Chupa ya Chuma

Kwa miaka mingi niliamini, na ningeapa mbele ya hakimu yeyote, kwamba Mwalimu wa Matarumbeta alikuwa amefuga pumzi ya Mjerumani ndani ya chupa ya chuma.

Habari yenyewe tuliipata hivi. Mjerumani aliyemfundisha tarumbeta, kabla Waingereza hawajaja kumwondoa wakati wa vita ile ya kwanza, aliona huruma kuiacha bendi yake bila mapafu. Akatafuta chupa ndefu ya chuma, nene kama shina la mgomba, akaipuliza tangu kumekucha hadi jua la utosi, mpaka mwenyewe akabaki mwembamba kama ufito. Akakaza kizibo, akamwambia mwanafunzi wake, "Itumie kidogo kidogo." Kisha akapanda treni, na abiria wenzake wakalazimika kumshikilia asipeperuke dirishani.

Mimi nilikuwa napakua mizigo stesheni ya Same, na banda la Mwalimu lilikuwa njiani kati ya stesheni na nyumbani kwangu. Kila nilipopita, nikaiona ile chupa imesimama pembeni ya mlango, nilivua kofia. Nilivua wakati wa jua, nikavua wakati wa mvua. Baadaye nikajiunga na shule ya usiku, nikajua kusoma, nikajua Kiingereza cha kutosha kumtisha mtu asiyekijua, nikapewa cheti. Cheti nikakitundika ukutani, na asubuhi yake nikapita bandani nikavua kofia kama kawaida. Elimu ni elimu, lakini Mjerumani ni Mjerumani.

Msidhani nilikuwa mjinga peke yangu. Ushahidi ulikuwepo. Banda lilikuwa na pazia la gunia, na Mwalimu akiwa kazini hakuruhusu mtu alifungue, alisema upepo unaharibu moto. Ukisimama nje ulisikia *ssssss*, ndefu, kama nyoka anayesoma Injili. Kwenye matundu ya gunia uliona mwanga wa buluu. Kisha kimya, kisha *ssssss* tena. Baada ya hapo Mwalimu alitoka mwenyewe, jasho linatiririka, macho mekundu, anahema kama aliyepandisha gunia la mahindi hadi Mhezi, kule juu milimani, bila kupumzika. Sasa niambie, mtu anayehema hivyo alikuwa anapigana na nani humo ndani?

Kazi yenyewe ya humo bandani ilikuwa kunyoosha mabodi ya magari. Lakini ole wako umwite fundi.

"Mimi ni mwalimu," alisema, na nyundo mkononi, na digadi la lori, lile bati la juu ya gurudumu, limemlalia mapajani. "Nafundisha bendi ya kanisa. Haya mengine najifurahisha tu. Kuna wanaocheza bao, mimi nacheza na mabonde ya bati."

Mabonde aliyojifunza nayo hayakuwa ya magari. Yalikuwa ya matarumbeta. Bendi ya Mhezi ilikuwa na ala za shaba, na njia za milima yetu mnazijua. Mguu ukiteleza, mtu hushika mzizi na ala huachwa ijitafutie njia. Tarumbeta kubwa kuliko yote liliwahi kumtoka mpigaji, likaviringika, likavuka migongo miwili ya milima, likaokotwa Maore katikati ya mashamba, na wapo watu wazima wanaosema lilikuwa bado linalia. Liliporudishwa lilikuwa limebonyea kama sufuria ya msibani. Mwalimu alilikalia wiki nzima na nyundo ya mbao na mfuko wa mchanga, akapasha, akagonga, akaziba nyufa kwa risasi ya kuyeyusha, na Jumapili likapigwa. Tangu siku hiyo akawa hawezi kuona kitu kilichobonyea akakiacha. Alikunyooshea sufuria yako ukiwa bado unaipikia.

Gari la kwanza lilikuwa la mpima ardhi mmoja aliyekutana na kifaru kule chini kuelekea Mkomazi. Gari lilifika Same ubavu umeingia ndani kama shavu la mtu asiye na meno. Mwalimu alilizunguka, akaligusa, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Huyu kifaru alikuwa mtu mzima," akasema. "Amepiga mara moja, akaridhika, akaenda zake. Angekuwa kijana angerudia."

Namna yake ya kufanya kazi sijaiona kwa mtu mwingine. Hakupima kwa jicho wala kwa rula. Alipima kwa sikio. Aligonga bati kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa, akasikiliza, akaguna sauti ileile puani, kisha akaenda upande wa pili wa gari akagonga palepale. Digadi la kulia na la kushoto yasipolia sawa, gari halitoki. Mwenye gari aweza kusema bodi imenyooka, aweza kuapa, aweza kulia.

"Lakini Mwalimu," dereva wa lori la mkonge alimlalamikia siku moja, "mimi nabeba mkonge. Sitaki liimbe."

"Halitaimba. Lakini sasa hivi linazomea."

Na vifaa alichagua vivyo hivyo. Nyundo iliyompendeza ilikuwa ile iliyolia vizuri ikining'inizwa kwa kamba. Fuawe lake, alilogongea bati juu yake, lilikuwa kipande cha reli, na kabla ya kulipata aligonga vipande vyote vilivyolala nyuma ya stesheni, mpaka bwana stesheni akatoka akidhani treni imefika. Tupa, koleo, kibao cha kulainishia risasi, vyote vilipita sikioni kwanza. Watu wa nje hutusingizia sisi Wapare kuwa mkono wetu ni mzito kufunguka. Mwalimu hakuwa bahili. Alikuwa na masikio ya gharama na mfuko wa bei nafuu, basi kupatana kulikuwa kugumu.

Alikuwa na mambo yanayopingana, na nilimpenda kwa hayo. Bati alilivumilia kama mama mkwe. Waimbaji aliwarushia chaki. Hakutaka malipo, maana si fundi, lakini ukimletea kuku mwembamba alimgonga kifuani kwa kidole, akasikiliza, akakurudishia. Alihubiri dhidi ya majivuno, halafu akimaliza gari alilisimamisha juani mbele ya kanisa ili kila mtu apite alione. Na kwa kuwa hakuwa fundi na hakuwa na bei, wenye magari walimjia kutoka stesheni zote za reli. Banda likajaa. Na *ssssss* ikawa haikatiki.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na yaliharibika Pasaka.

Pasaka kwetu Mhezi haianzi na kalenda. Inaanza na tarumbeta. Alfajiri bendi inasimama makaburini juu ya kanisa, ukungu umefunika kila kitu, na tarumbeta la kwanza linatoa sauti moja, ndefu, peke yake. Sauti hiyo haikatwi mpaka kengele ya kanisa iitike. Kengele ikiitika, bendi yote inalipuka, milango inafunguliwa, watu wanatoka na taa na nyimbo: Bwana amefufuka. Mpiga tarumbeta la kwanza kwa miaka yote alikuwa Mwalimu. Alipanda kutoka Same kwa kazi hiyo moja. Ualimu, magari na vifaru angeweza kukupa, sauti ile hapana.

Shida ilikuwa mpiga kengele. Alikuwa mzee wa kwikwi na goti, na kwa desturi haruhusiwi kuondoka mlangoni kwake mpaka alisikie tarumbeta. Kila mwaka goti lilikuwa zito zaidi, na kila mwaka sauti ililazimika kuwa ndefu zaidi. Zamani Mwalimu alikuwa na akiba. Wanasema mwaka mmoja mpiga kengele alirudi nyumbani kufuata kofia na sauti ikamngoja. Lakini Pasaka ninayoisema, mzee akiwa bado anahangaika na ngazi ya kanisa, sauti ya Mwalimu ilitikisika, ikakwaruza, ikakatika.

Kimya. Ukungu. Bendi wakatazamana. Watu waliokuwa wameshika makomeo ya milango wakasubiri, wakaona hakuna kitu, wakarudi kulala wakisema, "Bado." Ilipofika saa mbili asubuhi nusu ya Mhezi ilikuwa haijui kama Bwana amefufuka au vipi.

Baraza la wazee wa kanisa likakaa. Mzee aliyeliongoza alisema kwa upole, na upole ndio uliouma.

"Mwalimu, hatukulaumu. Pumzi ni ya Mungu. Lakini mwakani ikikatika tena, tarumbeta la kwanza tumpe kijana wa tarumbeta la pili."

Kijana huyo alikuwa mtu wa Msangeni! Alioa kwetu, ndiyo, na mwenye heshima, ndiyo, na mapafu yake yangeweza kuendesha kinu. Lakini Upare wa Kaskazini uje kutuamshia Pasaka yetu, makaburini kwetu, juu ya babu zetu wenyewe? Mwalimu aliinuka. Aliteremka Same kwa miguu, na nilimwona akipita stesheni tarumbeta liko kwapani kama mgonjwa.

Same nzima ilijua sababu, mimi nikiwa wa kwanza kuieleza: Mjerumani alikuwa anaisha. Aliachwa atumike kidogo kidogo, Mwalimu akammalizia kwenye malori. Tena nilisikia kwa masikio yangu mkewe akimwambia nyuma ya banda, mwiko wa ugali mkononi:

"Huwezi kupeleka pumzi pande mbili, Baba. Chagua. Madigadi au Pasaka."

"Gari la daktari wa mifugo nimeshaahidi."

"Basi Pasaka atapiga ng'ombe wa daktari."

Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Hata mama wa watu anajua habari za chupa, nikawaza.

Mwalimu alijaribu kutafuta njia ya tatu. Aliniita.

"Msomi," alisema, maana ndivyo alivyoniita tangu nipate cheti, na sijui kama ilikuwa sifa. "Njoo na Kiingereza chako."

Tukaenda duka la vipuri la Mhindi, karibu na stesheni. Mwenye duka alitandika mezani kitabu cha bei chenye picha za vifaa vya kulehemu. Nikasoma, nikatafsiri, na pale nisipoelewa nikaongeza sauti. Mtambo wa kwanza ulikuwa wa chupa mbili na mipira miwili, mzuri kama harusi, lakini chupa zikiisha ni lazima zipande treni kwenda mbali kujazwa.

"Zitasafiri kuliko mimi," alisema Mwalimu. "Endelea."

Wa pili ulitumia yale mawe ya karabai, unayatilia maji, yanatoa gesi, gesi inawaka. Bei yake ilivumilika. Ila mwenye duka, mtu mkweli kwa mfanyabiashara, alikohoa akatuambia kwamba shamba moja la mkonge walikuwa na mtambo wa namna hiyo, na sasa wana mtambo na hawana paa.

Mwalimu akauliza, "Hicho kitabu kinasema unalia vipi?"

"Hakisemi, Mwalimu."

"Basi aliyekiandika hajui anachouza."

Hapo mwenye duka akainama chini ya meza akatoa kitu cha tatu: taa ndogo ya kupulizia moto, ya shaba, na pampu yake ubavuni. Unatia mafuta ya taa, unapasha kichwa chake, unapampu, inatoa ulimi wa buluu wenyewe. Haitaki treni wala mawe. Ilikuwa imewahi kutumika, na bei yake hata Mpare angeitaja bila kukaa chini kwanza.

"Hii ndiyo ya mtu anayejifurahisha, Mwalimu. Kwa lehemu ya risasi inatosha kabisa. Na inapuliza yenyewe."

Mwalimu akaishika. Nikaona macho yake yanalainika. Kisha akafanya kile nilichoogopa: akainua kifundo cha kidole, akaigonga.

*Dup.*

"Bubu," alisema, akairudisha.

"Mwalimu! Ina mafuta ndani. Chombo chochote chenye kitu ndani hakilii. Nikiimwaga italia kama kengele."

"Hujaimwaga."

"Lakini wewe unanunua moto au unanunua kengele?"

Mwalimu akavaa kofia yake. "Nitarudi," akasema, na kwetu neno hilo linamaanisha hapana kwa sauti ya adabu. Nilimfuata nje nikiwa nimekasirika kwa niaba ya kitabu cha bei.

Miezi ikapita. *Ssssss* ikawa fupifupi, na kuhema kukawa kurefu. Jioni alijaribu tarumbeta nyuma ya nyumba, sauti moja ile ya Pasaka, na mimi niliyekuwa napita nilijikuta nazuia pumzi yangu kumsaidia. Kila jioni alinishinda, lakini kila jioni kwa muda mfupi zaidi. Halafu kijana wa Msangeni akaja kumsalimia kwa heshima zote, "Shikamoo Mwalimu," akamletea asali ya kifua. Asali ile ilimuuma kuliko tusi. Alimwitikia marahaba, akaishika chupa ya asali mkononi muda mrefu. Hakuigonga.

Kesho yake asubuhi nilikuwa dukani kwa Mhindi nikinunua utambi. Mwalimu akaingia, akaelekeza kidole chini ya meza. Mwenye duka akaitoa taa ya shaba, akairudisha nyuma kidogo kama mtu anayemkinga mtoto na kofi. Lakini Mwalimu aliifunga kwenye kitambaa, akaipakata, akatoka. Mwenye duka alinitazama, nikamtazama.

"Hakuigonga," akanong'ona.

"Hakuigonga," nikasema.

Tangu siku hiyo bandani mlitoka ngurumo mpya, ya sawasawa, kama simba aliyelala. Mwalimu alitoka kazini hana jasho la maana. Na Jumamosi kuu, nilipopita, niliona jambo lililonifanya nisimame: ile chupa ndefu ya chuma ilikuwa imelazwa chini nje ya mlango, kizibo kimefunguliwa. Nikavua kofia na nywele zikanisimama. Nikaelewa kila kitu. Mwalimu alikuwa amemvuta Mjerumani wote kwa mkupuo mmoja, kwa ajili ya kesho.

Nikapanda Mhezi nikashuhudie. Ukungu ulikuwa ule ule. Mwalimu akasimama mbele ya bendi, akainua tarumbeta, na sauti ikatoka. Ilitoka laini, ikajinyoosha, ikavuka kanisa, ikashuka mabondeni. Mpiga kengele akatoka mlangoni kwake. Sauti inaendelea. Akafika kwenye mfereji, akaanza kutafuta ubao wa kuvukia. Sauti inaendelea. Kijana wa Msangeni alikuwa anahesabu kwa midomo, kisha akaacha, akafunga macho. Ngazini goti likakwama, na nasema kweli, tulimsikia mzee akikaa chini kupumzika! Mama mmoja karibu nami akaanza kulia. Sauti ilitetemeka kidogo, kidogo tu, kama mwali wa moto mlango ukifunguliwa, ikasimama tena. Ndipo kengele ikalia *ngaa*, na bendi ikalipuka, na milango ya Mhezi ikafunguka kwa pamoja kama makofi.

Nilisimulia jambo hilo stesheni kwa miaka. Mzungu aliyekufa zamani huko kwao ametufufulia Pasaka yetu kwa pumzi ya akiba! Nilisimulia vizuri mpaka treni zikachelewa.

Mara ya mwisho niliyomtembelea, Mwalimu alikuwa ameshahama Same, anazeekea Mhezi. Waingereza walikuwa wameanza kufungasha, na kijana wa Msangeni ndiye aliyekuwa sasa na tarumbeta la kwanza, amekabidhiwa na Mwalimu mwenyewe kwa mkono wake na kwa hiari yake. Nilipofika uani nilisikia kifundo cha kidole kikigonga digadi la baiskeli upande wa pili wa nyumba, *ti, ti, ti*, kisha mguno wa puani. Nikacheka peke yangu.

Mkewe alikuwa jikoni. "Shikamoo, Mama Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu Msomi. Kaa, makande yanaiva. Yuko nyuma huko, ukimkatiza sasa atakurushia kitu."

Kwenye boriti ya baraza ilikuwa inaning'inia ile chupa ndefu ya chuma, imefungwa mnyororo, na nyundo ndogo pembeni. Ndiyo waliyogonga kuita vijana wa bendi. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nikavua kofia.

Mama Mwalimu akaacha mwiko.

"Unaivulia kofia chupa?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, Mjerumani, treni, dirisha, kizibo, Jumamosi kuu. Alinisikiliza hadi mwisho, hakucheka, na hilo ndilo lililoanza kunitia wasiwasi. Akainuka, akachukua nyundo, akaigonga chupa mara moja. Ikalia tamu, ndefu, ikazunguka ua mzima.

"Tuliinunua kwenye mnada wa vyuma vikuukuu," akasema. "Aliigonga, ikalia hivyo, akaing'ang'ania. Nikamwambia haina kitu ndani, ndiyo maana inalia. Hakunisikia. Jumamosi ile nilifagia banda, nikaitoa nje, kizibo kikaanguka chenyewe."

"Na ile *ssssss*?"

"Mrija. Kimrija cha shaba, hivi. Unaweka mdomoni, unapulizia mwali wa kibatari, moto unakuwa mkali, risasi inayeyuka. Wanatumia masonara kwa vitu vidogo vidogo, hereni na pete. Yeye alikuwa analehemu malori."

"Kwa mdomo?"

"Alisema mapafu anayo, ya nini kununua."

Nikabaki na kofia mkononi. "Mama, mbona hamkutuambia?"

"Mliogopa, hamkutuibia vyuma." Akanipakulia makande, akaniwekea sahani magotini. "Hakukuwa na Mjerumani, mwanangu. Ile pumzi ilikuwa ya kwake."